Mstari Usio na Namba

"Mama, mayai yako sina shida nayo. Nataka trei."

"Trei bila mayai?"

"Tupu kabisa. Hata kumi na tano ukiwa nazo, nachukua."

Muuza mayai wa soko la Kasulu alimtazama mteja wake kuanzia kwenye mtandio wa rangi ya maziwa hadi kwenye viatu, akitafuta wazimu ulipojificha. Hakuuona. Alimwona msichana mwembamba ndani ya dera la zambarau, wanja umemkaa vizuri machoni, anasubiri jibu kama mtu aliyeomba kitu cha kawaida.

"Trei tupu za nini, mwanangu?"

"Za kubandika ukutani. Chumba kina mwangwi, sauti inarudi kama mpira."

Nyuma yao, kwenye meza ya fundi simu, mwanamume mrefu mwenye shati jeupe lililopauka kwa vumbi la barabara ya Kibondo aliacha kumsikiliza fundi. Sauti ile aliijua. Kwa miezi kumi alikuwa ameisikia kila wiki ikitoka kwenye simu yake, akiwa peke yake chumbani, na hakuwahi kuuona uso wa mwenyewe.

"Bwiza," aliita.

Msichana aligeuka akitabasamu, akitarajia mtoto, maana watoto ndio waliozoea kumwita hivyo sokoni. Akakuta mtu mzima amesimama na simu iliyofunguliwa mgongo.

"Kaka, umesema?"

"Nimesema, Bwiza, mstari wa kumi na mbili."

Msichana, Zuhra kwa jina lake halisi, alijiziba mdomo kwa mikono yote miwili. "Mkalimani! Ndiyo wewe? Mimi nilijua una kitambi na mvi!"

"Kitambi kimetoka wapi?"

"Sauti yako nzito. Sauti ya mtu aliyekula akashiba."

"Sijala tangu Kibondo."

"Basi njoo ule, kaka yangu, kabla hujaniangukia hapa sokoni na trei zangu."

Wakaenda kwenye mgahawa wa karibu, trei kumi na mbili zikiwa zimepangwa kwenye kiti cha tatu kama mgeni wao. Zuhra aliongea. Mkalimani, Reverien kwa jina, alikula chapati na kutazama meza.

Ngoja niwaeleze katuni yenyewe, maana bila katuni hawa wawili wasingejuana. Ilifika huku kwetu ndani ya boksi la msaada. Shirika moja la nje lilileta diski za kuwaonyesha watoto wa kambi ya wakimbizi, michoro ya fisimaji wawili, wale wanyama wa mtoni, wa nchi ya baridi wanaosema Kifaransa. Makarius, mwenye kebo ya Kasulu, mtu wa kazi nyingi na maneno mengi zaidi, aliiona siku alipokwenda kutengeneza projekta ya huko. Aliwakuta watoto wametulia, wengi wao hawajui neno hata moja la lugha ile, midomo wazi. Aliporudi aliwaandikia wachoraji barua. Akaandika tena. Barua ya tano ndiyo iliyojibiwa: ruhusa ipo, mradi majina yao yasifutwe.

Hivyo ndivyo *Fisimaji wa Malagarasi* ilivyoanza, mwaka 2019, kila Jumamosi saa nne asubuhi. Majina ya kigeni yaliachwa. Fisimaji jike akawa Bwiza, na dume, jirani yake wa mto wa pili, akawa Ntare. Ikabaki taabu ya theluji. Kila kipindi kilikuwa na theluji, na wanyama wanateleza juu yake kwa matumbo. Makarius alitaka iitwe theluji, lakini mfasiri akamwuliza: je, mtoto wa kijiji cha Muyama ataelezwa nini? Akaandika kwamba ule ni unga wa muhogo uliomwagika kutoka ghala la mfalme. Hakuna aliyelalamika isipokuwa akina mama waliokuta watoto wao wanateleza juu ya muhogo waliouanika.

Mfasiri huyo ndiye Reverien Habonimana. Wazazi wake walitoka Burundi, yeye alizaliwa kijijini Kitahana, karibu na Kibondo, uraia wakaupata wote. Kifaransa alifundishwa na marehemu baba yake, mwalimu ambaye upande huu hakupata tena darasa, ila la mtoto mmoja. Kazi yake ilikuwa ukalimani kambini, na kazi hiyo inamla mtu kimyakimya. Kutwa alikaa katikati ya mama anayelia na ofisa anayeandika, na aliposema "nimepoteza wanangu wawili" si yeye aliyepoteza. Jioni alirudi kwenye chumba chake Kibondo mjini, akawasha taa, na hakuwa na neno la kwake lililobaki.

Zuhra binti Shamsi alipatikana dukani. Makarius alikwenda kununua kitambaa cha pazia, akamkuta anamwigiza mteja aliyetoka hapo sasa hivi, na baba yake, Mzee Shamsi, anacheka hadi kofia inamdondoka. Makarius aliondoka na pazia na Bwiza. Tangu hapo kila Jumamosi mzee aliwasha runinga ya dukani, akapandisha sauti, na wateja wakalazimika kusubiri. "Huyo ni mwanangu," aliwaambia, hata wale waliokwisha kuambiwa.

Namna ya kufanya kazi ilikuwa hii. Reverien alifasiri kwenye karatasi, kisha akajirekodi kwa simu akisoma mstari mmoja mmoja, kila mstari na namba yake: "Bwiza, kumi na tatu," halafu maneno. Karatasi zilikwenda kwa Makarius, sauti ikaenda kwa Zuhra. Yeye hakushika karatasi. Alijifungia kwenye kachumba cha nyuma, kilichozibwa kwa magodoro na trei za mayai, akafumba macho, akamsikiliza Reverien masikioni, kisha akayasema yale yale kwa sauti ya Bwiza. Alichorekodi alimtumia Reverien akague. Kwa hiyo walizungumza kila wiki, maneno maelfu, na hata moja halikuwa la kwao.

Baada ya siku ile ya trei, mambo yalibadilika. Simu zikaanza.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Nini?"

"Ugali."

"Na nini?"

"Na... ugali."

"Reverien! Mboga iko wapi?"

"Mboga iko Kasulu, kwa baba yake."

Zuhra alicheka mpaka akakaa chini. "Laazizi, wewe ukiwa kwenye simu ulimi unao. Ukikaa mbele yangu unachambua vijiti vya meno."

"Kwenye simu sioni macho yako."

"Macho yangu yamefanya nini?"

"Yananisahaulisha Kiswahili, *sha*," alisema, kwa neno la kubembelezana la kwao.

Reverien alikuwa akija Kasulu kila mwisho wa mwezi, saa tatu na zaidi za matingatinga ya barabara na vumbi, shati jeupe likifika la kahawia. Walikaa mgahawani. Yeye alichambua vijiti vya meno. Zuhra alimpenda, na alimwambia hivyo, kwa maneno yaliyonyooka, mbele ya chai. Reverien aliitikia kwa kichwa, masikio yakimwaka, na akasubiri afike Kibondo ndipo ampigie amwambie na yeye anampenda.

Lakini walikuwa na jambo ambalo kila mmoja alilijua na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulitaja. Zuhra ndiye aliyelitaja, mchana mmoja, wakila na baba yake nyuma ya duka.

"Baba, yule Reverien unamwonaje?"

"Namwona mtu mwema." Mzee Shamsi alikuwa anachambua mgebuka. Mnofu aliuweka upande wa binti yake na miiba upande wake, kama alivyofanya tangu mama yake Zuhra afariki. Walikuwa wawili tu ndani ya nyumba ile. "Akiingia kwenye dini, mlango uko wazi, nitamwozesha kwa mikono miwili. Asipoingia, mwanangu, usinifanye niseme neno nisilotaka kulisema."

Zuhra alimpelekea Reverien maneno hayo kwa simu, bila kuongeza wala kupunguza.

"Mama yangu alivuka mpaka akiwa binti wa miaka kumi na minne," Reverien alisema. "Alifika na rozari tu. Ndugu upande huu hana hata mmoja, ana mimi. Jumapili nakwenda kwake, tunatembea wote hadi kanisani. Nimwambie sasa aende peke yake?"

"Sijakuambia umwambie."

"Baba yako amesema."

"Baba amesema. Mimi sijasema kitu bado."

Wakaishia hapo. Wakaendelea kuulizana wamekula nini.

Mwaka 2021 ukaelekea mwisho, na diski nazo zikaelekea mwisho. Katika kipindi cha mwisho, Ntare anahamia mto wa mbali na Bwiza anamsindikiza. Reverien aliifasiri mistari thelathini na mmoja ya Bwiza, akairekodi. Kisha akakaa kitandani na simu mkononi. Alikuwa ameulizia bomani, akaambiwa ipo ndoa ya serikali ambayo kila mtu anabaki na dini yake. Alitaka kumwuliza Zuhra kama angeikubali ndoa hiyo, akijua kwamba baba yake asingeikubali. Mtu mwenye akili zake angepanda gari akaenda kuuliza. Au angepiga simu. Reverien aliona haya hata ya simu. Akabonyeza kurekodi, akavuta pumzi, na kwa sauti ile ile ya kazi akaongeza mwishoni, bila namba:

"Nimechoka kukusikia kila siku bila kukuona. Mto wenu na mto wetu si mmoja, hilo nalijua, nimelifikiria sana, na bado ni wewe ninayekutaka. Ipo njia ya kuishi pamoja bila mtu kuhama mto wake. Ukikubali, nijibu kwa sauti yako mwenyewe."

Aliirudia mara nne mpaka ikatoka bila kutetemeka. Hilo ndilo kosa. Angeiacha itetemeke.

Zuhra alikuwa ndani ya kachumba, jasho linamtiririka, macho ameyafumba. Alipofika mwisho na kuyasikia maneno yale alisimamisha simu akajifuta machozi. Alifikiri hayajawahi kuandikwa maneno mazuri kama hayo kwa Bwiza. Alifikiri, Reverien wangu huyu, haya yote anayatoa wapi? Akayasema kwa moyo wake wote, kwa ile sauti nyembamba ya fisimaji, hadi "nijibu kwa sauti yako mwenyewe". Kisha, kwa kuwa kipindi hakikuwahi kuisha bila kicheko cha Bwiza, akacheka, kwi-kwi-kwi, akatuma.

Reverien aliipokea jioni hiyo. Aliisikia posa yake ikirudi kwa sauti ya mnyama wa katuni, neno kwa neno, na mwishoni anachekwa. Alikaa palepale hadi uji wake ukapoa. Hatimaye aliandika: "Imepokelewa. Hakuna marekebisho."

Zuhra alipopiga, simu haikupokelewa. Kesho yake aliipokea.

"Mpenzi, jana ulilala mapema?"

"Niko kazini, dada."

"Dada?"

"Nikusaidie nini?"

Hakuwahi kuitwa dada na Reverien. Alikaa na lile neno dukani siku nzima, akipima vitambaa vya watu na kukosea. Baada ya hapo Reverien aliizuia namba yake kabisa. Jumamosi iliyofuata Kasulu nzima ilimsikia Bwiza akiomba kuishi pamoja na mtu, na Mzee Shamsi alitoa leso. "Maneno mazito haya," alisema. "Nani anaandika?"

"Reverien, baba."

Mzee alikunja leso akairudisha mfukoni.

Miezi saba ilipita. Zuhra alijieleza kwa namna zote anazoweza kujieleza mtu aliyeachwa bila sababu. Ni dini, alijiambia, ameamua na ameona haya kusema. Ni mama yake. Ni mwanamke mwingine, wa kwao, anayejua kupika isombe, kisamvu cha Kirundi. Asubuhi alifungua duka, jioni alifunga, na katikati alikaa kwenye kigoda akitazama barabarani, ambako kila shati jeupe lilimshtua. Kipindi kilikuwa kinarudiwa tangu mwanzo. Watoto walipita wakimwomba aseme kidogo kama Bwiza, akawaambia koo linauma. Haikuwa uongo sana. Sauti ile ilimchoma kila alipoigusa, kwa sababu alijua kuwa ilitengenezwa na wawili na sasa amebaki nayo peke yake.

Baba yake aliona. Alianza kuweka mnofu mwingi zaidi upande wake, naye akauacha.

Mwezi wa saba Makarius alikuja kununua pazia jingine.

"Naviandaa vipindi upya, niwatumie wachoraji kule nje nakala," alisema akipapasa kitambaa. "Ila kwa ule mstari wenu wa mwisho mlinitesa, wewe na mwenzako. Haukuwa na picha! Ikanibidi nikate muziki wa watu ili uingie."

"Mstari upi?"

"Wa mto wenu na mto wetu. Karatasi ina mistari thelathini na mmoja, wewe umesema thelathini na miwili. Nikadhani mmekubaliana."

"Hatujakubaliana kitu. Ulikuwa kwenye sauti ya Reverien."

"Kwenye karatasi haupo," alisema Makarius. "Na Kifaransa chake ninacho pale, nako haupo."

Zuhra aliweka mkasi chini. Aliingia nyuma ya duka, akaitafuta ile rekodi ya zamani kwenye simu, akaiweka sikioni. Bwiza, ishirini na tisa. Bwiza, thelathini. Bwiza, thelathini na moja. Kisha pumzi moja ndefu, na hakuna Bwiza, na hakuna namba. Alimsikia Reverien akimposa.

"Mungu wangu," alisema. "Nilimcheka."

Makarius alikunja kitambaa chake akaondoka polepole.

Zuhra hakulala, na alfajiri baba yake aliporudi msikitini alimkuta sebuleni na begi. Alimweleza yote, hata kile kicheko. Mzee Shamsi alimsikiliza akiwa amesimama, kanzu bado ina ubaridi wa asubuhi.

"Kwa hiyo unakwenda."

"Nakwenda kumjibu, baba. Aliniuliza."

"Hujui hata kama bado anataka jibu."

"Sijui."

"Na akilitaka, utamjibu nini?"

Zuhra alishindwa kumtazama. "Nitamkubali."

Mzee aliketi. Alionekana mzee kuliko jana. "Sitakupiga, sitakulaani. Wewe ni mwanangu. Lakini ukitoka kwenda kuolewa nje ya dini, Zuhra, usirudi kufungua duka langu. Siwezi kukaa nawe pale watu wakiniuliza."

"Baba, utakula na nani?"

Mzee alinyanyuka akaingia chumbani, akafunga mlango taratibu, kama mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa. Zuhra alisubiri nusu saa nzima. Kisha akabeba begi.

Stendi ya Kibondo ilikuwa imejaa: wauza viazi, bodaboda wanaitana, akina mama wa kambini na ndoo zao, Kiha na Kirundi na Kiswahili cha Kongo vikigombania hewa. Zuhra alimwomba mama mmoja muuza maparachichi simu, kwa kuwa namba yake mwenyewe ilikuwa imezuiwa.

"Haloo?"

"Reverien, usikate."

Hakukata.

"Niko stendi kwenu. Sikujua kama yalikuwa ya kwako. Nilidhani ni ya Bwiza."

"Nini?"

"Yale maneno! Nilikuwa gizani, nimefumba macho, wewe unasoma kwa sauti ya karani. Nikasema ni mstari. Nikauigiza, nikaweka kicheko kama siku zote. Jana ndipo nimejua."

Muuza maparachichi alikuwa ameacha kuuza, amejishika kiuno, anasikiliza waziwazi.

"Miezi saba," Reverien alisema, "nimelala nikisikia unanicheka."

"Na mimi miezi saba nimelala nikisikia 'dada'. Njoo hapa."

Alikuja kwa miguu kutoka ofisi yao ya mjini, karibu anakimbia, beji ya kazi bado shingoni. Alikuwa amekonda. Walisimama hatua mbili mbali, watu wakiwapita huku na huku. Zuhra alikuwa amepanga kulia. Akajikuta amekasirika.

"Mwanamume mzima! Unaposa umejificha nyuma ya fisimaji? Na ukiumia unaandika 'hakuna marekebisho'? Hukuweza kunitukana nikajua?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Kwamba ungesema hapana. Halafu ukasema kitu kibaya kuliko hapana."

"Sikusema kitu! Ni wewe uliyesema, mimi nilirudia." Hasira zikamwisha zote kwa pamoja. "Reverien. Uliza sasa. Hapa. Bila simu."

Aliangalia chini. Mtu huyu alikuwa amesema vilio na viapo vya watu wengi kwa lugha tatu, na sasa midomo ilifunguka ikafunga. Akajaribu Kiswahili, kikakwama. Akajaribu tena. Ilipotoka, ilitoka kwa Kirundi cha mama yake, kwa kukatikakatika, kwamba anampenda na anaomba awe mkewe. Sauti ilitetemeka mwanzo hadi mwisho.

"*Ego*," alisema Zuhra. Kiha chake kilimtosha kwa hiyo 'ndiyo' moja.

Muuza maparachichi alipiga kigelegele. Reverien alicheka, akajifuta uso kwa mkono wa shati, akainama kulichukua begi. Likamshinda kwa mkono mmoja. Alilitazama, kisha akamtazama mwenye begi.

"Zuhra, umekuja kwa siku ngapi?"

"Nimekuja."

"Na mzee?"

"Amesema nisirudi." Ndipo machozi yalipomtoka.

Walikwenda Kitahana. Mama yake Reverien, Mama Esteri, mwanamke mdogo wa umbo mwenye maneno machache, alimpokea kwa uji na hakumwuliza lolote siku ya kwanza. Siku ya pili alihamisha mtungi na majembe kutoka kona moja ya chumba, akaifagia, na kusema pale patafaa kwa mkeka wake wa kuswalia. Zuhra alishukuru kwa moyo. Lakini adhana haifiki Kitahana, alipima nyakati za swala kwa simu, na baada ya swala alikaa palepale muda mrefu, peke yake, wenzake wakimwachia nafasi kwa heshima iliyomwongezea upweke.

Tangazo lao la ndoa lilibandikwa bomani Kibondo. Siku ishirini na moja, karani aliwaeleza, mwenye pingamizi aje alete. Zuhra alimwandikia baba yake tarehe na mahali. Kisha kila siku baada ya alasiri alimpigia. Simu iliita. Haikukatwa, haikuzimwa, iliita hadi mwisho, kila siku, na yeye akaisikiliza yote.

"Pengine anaitazama," Reverien alisema.

"Anaitazama. Namjua."

"Unataka tuahirishe?"

"Hapana. Nataka apokee."

Siku ya ishirini na moja walifika bomani mapema. Zuhra alivaa gauni la kijani na mtandio mweupe, hina mikononi aliyojipaka mwenyewe, kwa hiyo mkono wa kulia ulikuwa na maua mabaya kuliko wa kushoto. Reverien alikuwa na koti la marehemu baba yake. Mama Esteri alikuja na rozari mfukoni, na Makarius alitoka Kasulu kuwa shahidi. Zuhra alimvuta pembeni.

"Umempitia dukani?"

"Nimempitia. Nilimwambia nina nafasi kwenye gari." Makarius alikuna kichwa. "Alinimiminia chai, tukanywa. Akasema nikusalimie."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu."

Karani aliwaita ndani. Alifungua daftari, akasoma majina yao, akauliza kama yupo mwenye pingamizi dhidi ya ndoa hii, kisha kwa desturi ya kazi yake akatazama mlangoni na kusubiri. Wote wakatazama mlangoni. Mlango ulikuwa wazi. Nje palikuwa na pikipiki mbili, mbuzi mmoja, na barabara inayotoka Kasulu.

Zuhra aliitazama barabara ile na akajua kitu ambacho hakuwa amekijua kwa siku zote ishirini na moja. Alikuwa akiomba baba yake aje kupinga. Asimame pale mlangoni na kanzu yake, apige kelele, aseme huyu ni mwanangu, hapana. Zuhra angemkatalia baba yake, lakini angemwona.

"Hakuna pingamizi," alisema karani kwa furaha, akachukua kalamu.

Zuhra alilia. Makarius alisema bibi harusi ana furaha, na karani akacheka kwa ukarimu. Reverien hakucheka. Alimshika ule mkono wa hina mbaya, akainamisha kichwa hadi karibu na sikio lake, akamwuliza kama angependa wasubiri kidogo zaidi.

Walisubiri robo saa. Karani aliweka kalamu chini. Kisha Zuhra alijifuta macho kwa pembe ya mtandio, akasema waendelee.